Matembezi ya Mbalamwezi

Juzi hapa Iringa mjini, kwenye benchi la ofisi moja ya utalii, kando yangu, binti aliyesubiri usaili wa kazi alikuwa akikariri Kiingereza: "Moonlit walk. Moonlit walk."

Mama yake akamuuliza, "Ndiyo nini hiyo?"

"Kuwatembeza wageni porini kwa mbalamwezi, mama. Wanapenda sana."

"Pori lipi? La wale tembo waliotuhamisha shambani?"

"Hilohilo."

Mama akasogea karibu. "Na anayetangulia mbele ni nani?"

"Mimi. Si ndiyo kazi yenyewe?"

Jina la binti likaitwa. Akainuka, lakini mama alikuwa ameshikilia pindo la sketi yake kwa mikono miwili.

Nyumbani nikafungua kamusi. Neno "moonlit" limeelezwa vizuri tu: penye mwanga wa mwezi. Tembo hawamo.