Nyundo Isiyotoa Cheche

Siku ile ya pipa la karabidi naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa kijana, fundi mpya katika kiwanda kimoja hapa Likasi, zamani zile za kuitana citoyen, yaani raia, mishahara inachelewa mpaka mtu anasahau kama ameajiriwa.

Karabidi ni mawe yanayotoa gesi ya kuchomelea vyuma. Yakipata unyevu ndani ya pipa, gesi inajaa humo, na cheche moja inatosha kuwamaliza wote waliopo. Ndiyo maana mapipa tuliyafungua kwa nyundo na patasi za shaba iliyochanganywa na beriliamu kidogo. Ni ngumu kweli, lakini hazitoi cheche. Hata kuzinoa tulikatazwa, maana vumbi lake linaharibu mapafu.

Asubuhi ile nilikwenda depo kuchukua vyombo. Mwenye kuitunza alikuwa Papa Kabeya, mzee wa kanisa, baba wa rafiki yangu Ilunga, fundi mwenzangu. Alinitia nyundo mkononi yeye mwenyewe, imepakwa rangi ya njano. Nikamuuliza, rangi ya nini tena?

"Ni juu ya wezi, basiitamani," akacheka. "Kazi njema, mwanangu."

Aliniita mwanangu. Sikia vizuri hapo.

Banda la karabidi lilitazamana na depo, ng'ambo ya uwanja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na paa lilivuja. Nilikuwa naweka patasi sawa juu ya kifuniko, Ilunga akaninyang'anya nyundo.

"Leta! Weye unagongaka sawa muntu iko mbele ya mulango ya bakwe yake."

Tukacheka, maana mlangoni pa wakwe mtu hugonga kwa woga. Akainua mkono.

Ghafla mayowe. Papa Kabeya anakuja mbio, kiatu kimoja kimebaki uwanjani. "Ilunga! Hapana piga! Ile ni chuma! Ni chuma!" Yesu Maria! Mkono wa Ilunga ukaganda hewani. Baba yake akamfikia, akaipokonya nyundo na kuikumbatia kifuani, anahema.

Kapita wetu, yaani msimamizi, mzee Mukalay, akaichukua, akaikwangua kwa ufunguo. Chini ya rangi, chuma kitupu. Ile ya shaba Papa Kabeya alikwisha kuiuza kwa watu wanaoyeyusha na kutengeneza sufuria. Na pipa lenyewe? Tuliinama tukalisikia linatoa mlio mwembamba kwenye mshono. Gesi ilikuwa imejaa tele.

"Kwangu hakuna hata bunga," Papa Kabeya akalia. "Batoto banalala na njaa."

Nilimwonea huruma, kweli kabisa. Njaa ile ya kukosa unga tuliijua sote.

Lakini Ilunga alinishika bega. "Papa, na huyu? Si weye mwenyewe ulimupa?"

Mzee akanitazama. Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu, nikakaa chini palepale. Kama Ilunga asingeleta utani wake, yule baba angesimama mlangoni pa depo akiniangalia napiga.

Mukalay akatugeukia sisi vijana. "Mumeona? Muntu anajuaka mubaya wake bien, muzuri kabisa. Anangojaka tu ifike kwake."

Basi, mwanangu, siwezi kukuapia kwamba shida haitakuja kukujaribu. Itakuja. Ila ukijua kwamba kitu ulichofanya kitamdhuru mtu, sema, hata kama utafukuzwa kazi, hata kama utaaibika mbele ya kanisa zima. Sema huyo mtu angali mtoto wa mwenzako, usingoje mpaka awe wako. Papa Kabeya alimwokoa mwanawe, na mwanawe hakumtazama tena usoni.

Mungu akulinde unapotoka na unaporudi. Akuweke kati ya watu watakaokimbia kukuokoa bila kuuliza kwanza baba yako ni nani.