Mbwa na Nyasi Mpya za Mae

Jumamosi, mwezi wa nne, 1952. Mvua ilianza kabla hatujaamka, ikakatika tulipokuwa tunakunywa uji, kisha ikarudi na upepo.

Hayo niliyaandika siku ile ile. Mengine nayaongeza sasa kwa kukumbuka, na msomaji ayapokee hivyo. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, na nikirudia maandishi yangu ya zamani huwa nashangaa nilipata wapi uhakika ule. Ila kuhusu mvua sina shaka, kwa sababu nyasi tulizokuwa tumekata kule mbugani tulikuwa tumezilaza chini ya paa la jikoni zikauke, na kila mvua ilipopungua mama mkwe wangu alitoka na fimbo yake kwenda kuzigusa.

"Zimekauka," akasema. "Leo tunazitandika sakafuni. Mwinjilisti anakuja saa kumi kuniombea huu mguu. Hatakanyaga vumbi nyumbani kwangu."

"Ndiyo, Mae." Nilimwita Mae kama mume wangu alivyomwita, maana kwetu mama wa mume ni mama.

Kazi ya kutandika sikuiogopa. Niliogopa kwa ajili ya mbwa.

Alikuwa mbwa jike, mdogo, mweusi, kifuani mweupe. Mume wangu alikuwa akifanya kazi Bukoba mjini na kupanga chumba Kashai, na alikuwa amempata kwa mtu wa Ijuganyondo, akamleta nyumbani kwetu Kimwani ndani ya kapu la kahawa. Mbwa wetu mkubwa alikuwa amechukuliwa na chui pale pale mlangoni. Tulisikia mlio mmoja tu. Kwa hiyo mume wangu aliagiza kwamba huyu mdogo alale ndani mpaka akue, akarudi kazini, akatuachia sisi wawili agizo lake. Mae alikubali. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu ninavyosimulia anaweza kuonekana mtu mkali tu. Alikubali mbwa alale katika nyumba ambamo yeye mwenyewe aliketi chini, alisali chini na alikula chini. Jina tu ndilo alilokataa kumpa.

"Akijifunza adabu nitampa jina. Sasa hivi ni mkojo wenye miguu minne."

Nikaanza kumfundisha. Kila alipoamka na kila alipokula nilimbeba mpaka kwenye migomba, pale tunapotandaza nyasi kuzuia magugu, nikamweka juu ya nyasi na kumngoja. Akimaliza nilimsifu na kumkuna masikio. Mae alikuwa akitutazama kutoka mlangoni.

"Hee! Mke wa mwanangu anambembeleza mbwa akojoe! Mimi watoto wangu sikuwabembeleza hivyo."

"Anajifunza, Mae."

"Nani, yeye au wewe?"

Lakini alijifunza. Sakafu wakati ule ilikuwa na nyasi za zamani zilizokwisha kusagika zikawa vumbi, na mbwa hakuichafua. Alikwenda mlangoni mwenyewe na kulia. Nilijiona mwalimu.

Kisha Mae alitandika fungu dogo la nyasi mpya pale alipozoea kuketi, na jioni yake akalikalia likiwa limelowa. Sitaeleza alivyosema. Alipokwisha kubadili nguo alinitazama kwa utulivu, na huo utulivu ndio ulionitisha.

"Sikiliza, mwana wange. Nimevumilia, na mwanangu nimemheshimu. Akirudia mara moja tu, atalala nje."

Tulijua wote wawili maana ya kulala nje. Wiki hiyo hiyo nyayo zilikuwa zimeonekana kwenye mibuni ya jirani. Usingizi ulinipotea nikijiuliza nimekosea wapi. Pengine nilimlisha kwa kuchelewa. Pengine mbwa ana kisasi kama watu. Pengine mimi si mtu wa kufundisha kiumbe chochote, na afadhali nilijua mapema, kabla sijapata mtoto.

Basi Jumamosi ile tulitandika nyumba nzima, toka mlangoni mpaka kwenye kiambaza cha nyuma, kinachotenga mahali walipolala mbuzi zamani. Nyumba ilinukia vizuri, hilo nalo lazima niseme. Mbwa nilimfunga jikoni kwa kamba ya mgomba. Nilijua kamba ya mgomba haina nguvu ikilowa, lakini nyingine ilikuwa imefunga kuni, na mwinjilisti alikwisha kuingia uani akikung'uta mwavuli.

Alivua viatu mlangoni. Tukasalimiana, nikampa kahawa ya kutafuna, akaketi kwenye kigoda karibu na Mae, na baada ya habari za mguu na habari za mvua tukainamisha vichwa.

Mimi nilifumba jicho moja.

Alikuwa ameanza kuwaombea wagonjwa wote wa usharika mbwa alipotokea mlangoni, amelowa, kipande cha kamba kinaning'inia shingoni. Alipita kizingitini penye udongo mtupu, akanusa, hakufanya kitu. Nikapumua. Kisha akakanyaga nyasi. Akazunguka mara moja, akazunguka tena. Niliinuka kwa magoti, nikanyoosha mkono juu ya mapaja ya mwinjilisti, lakini mbwa alikwisha kuchuchumaa karibu na vidole vya miguu yake.

Mwinjilisti akasema amina mapema kuliko alivyokusudia, nadhani. Mae alikuwa amefumbua macho kabla ya amina.

"Si kitu, mama," mwinjilisti akasema, akirudisha miguu nyuma. "Ndani ya safina walikuwa wengi zaidi, na mvua ilikuwa hivi hivi."

Mae alicheka kwa heshima ya mgeni. Mgeni alipotoweka na mwavuli wake, kicheko kikaisha.

"Nilisema nini?"

"Ulisema, Mae."

"Nilikuficha?"

"Hukunificha."

"Basi. Giza likiingia, nje."

Alinionya waziwazi, na nyumba ni yake. Nilikusanya zile nyasi zilizolowa, nikambana mbwa kwapani, nikaenda kuzitupa kwenye migomba kama tunavyotupa nyasi zote zinazotoka ndani. Nilizitandaza chini ya mgomba, nikamweka mbwa chini ili nifunge vizuri kanga yangu. Akazinusa nyasi zile, akapanda juu yake, akachuchumaa, akamaliza yaliyobaki. Kisha akanitazama huku anatikisa mkia, akingoja nimkune masikio.

Nilisimama pale mvuani kama mjinga. Nyasi za mbugani chini ya migomba, nyasi za mbugani sakafuni, tumezikata kwa mundu ule ule. Mbwa hakuwa amesahau hata neno moja la mafundisho yangu.

Nilirudi, nikapiga magoti mlangoni, nikamweleza Mae haraka haraka kwa sababu mwanga ulikuwa unapungua.

"Kwa hiyo kosa ni la nyasi?" akauliza.

"Ni letu, Mae."

"Letu?"

"Langu. Nilimfundisha juu ya nyasi. Nipe nafasi nimfundishe kwenye udongo, kule nyuma ya choo. Usiku alale nyuma ya kiambaza, hapana nyasi pale."

"Na wewe umeyajua haya leo, jua likizama." Sikuweza kumlaumu kwa kunishuku. Hata mimi nilijishuku. Mtu akitaka kitu sana huona ushahidi kila mahali.

Nje kuku walikuwa wanaingia. Halafu Mae akashika fimbo, akainuka kwa shida, akasema, "Mlete."

Alinifanya nimweke mbwa kizingitini, juu ya udongo. Tukangoja. Mbwa akakaa, akajilamba. Mae akachota nyasi kavu kiganjani, akazitupa mbele yake. Mbwa akainuka, akazinusa, akaanza kuzunguka.

"Mtoe! Mtoe!" Mae akapiga kelele, nami nikamnyakua, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamsikia akicheka kicheko chake mwenyewe. Hakikudumu. "Usiku wa leo tu," akasema. "Nyuma ya kiambaza. Asubuhi nitapitisha mkono wangu pale chini. Nikigusa maji, usiniletee maneno ya nyasi."

Tulikula ndizi zilizopikwa na maharage, bila samaki kwa sababu ya mvua. Mae hakuketi kula juu ya nyasi zake mpya. Alibeba chakula chake nyuma ya kiambaza, akaketi kwenye udongo mtupu, fimbo mapajani, kwa kuwa alisema hamwamini mbwa wala mimi. Kipande cha mwisho cha ndizi alikipoza kwa kukipuliza, akakiweka chini mbele ya mbwa.