Mzee wa Kwenye Ukungu

Mkinicheka nitaelewa. Nilipohamishiwa kufundisha Oldeani sikuwa na mtu wa kuzungumza naye baada ya vipindi. Mambo yakaanza kunishinda: vyombo vinalala vichafu, madaftari hayasahihishwi. Nikajiwekea utaratibu mdogo. Kila asubuhi nitandike kitanda, nioshe kikombe, kisha nimwambie mtu mmoja kazi zangu za siku.

Mtu mwenyewe nilimpata njiani kuelekea shule: mzee wa koti refu na kofia, amesimama katikati ya mahindi, ukungu umemzunguka.

"Shikamoo mzee."

Hakuitikia. Nikadhani hasikii vizuri, nikapaza sauti. "Leo nasahihisha madaftari ya darasa la tano, halafu nafua!"

Nikawa nampitia kila siku. Na kweli kazi zikawa zinaisha, maana niliona aibu kumdanganya. Jioni nilirudi kwa njia nyingine, nyumbani kimya, nikingoja kukuche nimweleze. Hadi upweke wangu nilimweleza.

Wiki iliyopita ukungu ulianza kuondoka nikiwa bado namweleza kazi zangu. Mama Paskalina, mwenye shamba, alikuwa akichuma majani ya maboga.

"Mwalimu, unaongea na nani?"

"Namwamkia mzee wako, mama."

Akatazama shambani, akanitazama mimi. "Mzee wangu alishafariki. Hilo ni koti lake, nimeuvika mti kutishia nyani."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye hakucheka. Alipangusa mikono kwenye khanga, akasema taratibu, "Hata mimi huwa namsalimia."