Dakika Kumi za Maalim Swabir

Msinione najisifia, lakini programu ya hoteli yetu ya Galu iliandikwa na mtu mmoja tu: marehemu Maalim Swabir wa Munje. Alianza kwa kubeba sahani, akajifundisha Java, lugha ya kuandikia programu, kwa vitabu alivyoachiwa na mgeni, kisha akaandika vyumba, zamu na oda za jikoni ndani ya programu moja kubwa. Sehemu ya jikoni ikikorofika, hata kompyuta za mapokezi huzimika. Nikimlalamikia kwamba haachi maelezo kando ya mistari ya programu, alikuwa akinijibu, "Soma mistari, Zainabu. Mimi si wa kukutafunia." Nilikuwa nikinuna. Leo natamani aniseme tena hata mara moja.

Mwaka jana nilipewa kazi ya kuivunja programu yake iwe huduma ndogondogo, kila moja isimame peke yake, kwa Java nyepesi ya siku hizi, tuzihamishie kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni. Roho iliniuma, lakini kazi ni kazi. Kwenye oda za jikoni nikakuta mistari inayozizuia dakika kumi kila jioni, kwa siku thelathini hivi, na tarehe zenyewe zinahama kila mwaka. Nikacheka. Kumbe Maalim naye hukosea! Nikaifuta.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, nilishuka jikoni kuitazama huduma mpya. Mzee Chirau, mpishi wetu, alikuwa na tende mkononi. Adhana ya magharibi ikasikika, na papo hapo printa ikatoa oda saba mfululizo. Akaiweka tende kando, akashika kikaango.

"Shikamoo, mzee. Hufuturu?"

"Marahaba, mwanangu. Zamani mashine ilikuwa ikitupumzisha kidogo saa hizi. Sijui imepatwa na nini."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi, niliyefunga tangu nikiwa na miaka saba, niliwekewa Ramadhani mbele ya macho na nisiitambue.

Kesho yake asubuhi niliirudisha mistari ile, ikawa huduma peke yake, ndogo kuliko zote, nikaipa jina la Swabir. Juu yake nikaandika maelezo: "Wapishi wanafuturu. Usifute."

Magharibi printa ilinyamaza. Chirau akala tende, akanywa maji taratibu, akamwombea Maalim rehema.

"Imepona?" akaniuliza.

"Haikuwa mbovu, mzee. Mbovu nilikuwa mimi."

Akanisogezea sahani ya tende, nami nikafuturu.