Mche Niliokuwa Nikiubembeleza

Kazi yangu ni kubuni peptidi, vipande vifupi vya protini vya kuua bakteria wanaonyausha tungule, yaani nyanya. Navipanga kwenye kompyuta, kisha twavijaribu kwenye miche ya bandani.

Mche mmoja ulikuwa umeinama kama mabega ya mume wangu, Hamadi, alipoagana nami kwenda Maskati kutafuta riziki. Basi kila asubuhi, nikishaupulizia dawa, nauinamia nikiunong'oneza. Kamera ya kufuatilia majani ilikuwa pale pale, mimi nikijua ni ya picha tu, haichukui sauti.

Juzi wakulima kutoka shamba walikuja ofisini kwetu, Mji Mkongwe, kuona matokeo. Mkuu wangu akawasha video ukutani. Majani yakaanza kuinuka, wakulima wakaguna kwa kuridhika, nami nikatanua kifua. Ndipo sauti yangu ikajaa chumba kizima.

"Inuka, Hamadi wangu. Nshachoka kulala peke yangu. Rudi toka Maskati japo Idi hii."

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Bi mkubwa mmoja wa mstari wa mbele akageuka, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "huyu wa bandani kainuka. Wa Maskati unampulizia nini?"