Asali Iliyoganda Fukayosi

Nina shahada mbili za chuo kikuu na hakuna hata moja inayohusu nyuki. Jambo hilo halikunizuia. Nilisoma ripoti za utafiti, nikahudhuria mafunzo ya siku tano, nikanunua ovaroli nyeupe na kofia ya wavu, kisha nikaenda Fukayosi kumweleza mjomba wangu kwamba amekuwa akifuga nyuki vibaya kwa miaka arobaini.

Alinisikiliza vizuri. Mjomba, kaka yake mama, ndiye mrina asali wa pale kijijini, na mizinga yake ya magogo ilikuwa ikining'inia shambani kwake tangu sijazaliwa. Aliniuliza kama nyuki nao wamezisoma hizo ripoti. Kisha akanipa upande mmoja wa shamba niweke mizinga yangu ya masanduku, kwa sababu mimi ni mpwa wake.

Sitajifanya kwamba utafiti ulikuwa wa uongo. Shamba lile lina mikorosho, michungwa, na vichaka vya porini ambavyo mjomba alivijua kwa Kikwere na mimi kwa Kilatini, kwa hiyo tulisimama mbele ya mmea mmoja tusielewane. Nyuki walipita kote, na asali ya maua hayo mchanganyiko ilikuwa na ladha inayobadilika ikiwa bado mdomoni. Nilivuna masega yaliyokwisha kuzibwa kwa nta tu, maana hapo ndipo asali inapokuwa imepungua maji ya kutosha. Nilikuwa na kifaa cha kuyapimia hayo maji, nikakitazama kuliko nilivyotazama simu. Na wakati wa masika, mvua iliponyesha mfululizo na maua yakawa haba, niliwalisha nyuki maji ya sukari wasife njaa, kama vitabu vinavyoelekeza. Gunia la sukari nililishusha mchana kweupe, mama mmoja jirani akiniona. Hata nikamwamkia.

Kosa nililifanya siku ya kukamua.

Kwa mjomba, asali ilivunwa mbele za watu. Moshi ukionekana shambani kwake, majirani walikuja na vyombo vyao, wakakaa mbali kidogo na nyuki, na kila mmoja akakatiwa sega lake huku akiona, pamoja na majivu na nyuki wawili watatu waliofia humo. Nilimweleza mjomba kwamba huo ni uchafu. Asali hunyonya unyevu na harufu, nikamwambia. Inatakiwa ikamuliwe kwa mashine, kwenye chumba kisafi kilichofungwa. Chumba hicho kilikuwa nyumbani kwangu Mapinga. Nikapakia masega kwenye gari, mjomba akapanda mbele, amevaa kanzu yake nzuri kwa ajili ya shughuli hiyo. Tulipofika nikamwomba abaki barazani. Mjomba hunusa ugoro, na niliihofia harufu yake. Nilimletea kiti na chai ya maziwa. Alikaa pale hadi adhuhuri, akiusikiliza mngurumo wa mashine nyuma ya mlango.

Chupa nyingi tulizirudisha Fukayosi, na watu wakazichukua kwa sababu ya mjomba. Yeye ndiye waliyekuwa wakimwita wanapogombania mipaka ya mashamba, na akisema mpaka ulipita hapa, ugomvi uliishia hapo. Alisema asali ya mpwa wake ni nzuri. Ikatosha.

Asali kule ni dawa. Hukaa juu ya kabati ikingojea kikohozi. Kipupwe cha mwaka uliofuata kilipoingia vikohozi vikaja, chupa zikateremshwa, na asali ilikuwa imeganda, imepauka, imejaa chembechembe.

Najua sababu yake. Asali safi isiyopikwa huganda, nyingine mapema, nyingine kwa kuchelewa, kutegemea maua. Nilikuwa na kurasa nyingi zinazosema hivyo. Nilikuwa pia na karatasi ya maabara yenye muhuri. Nilivitia vyote kwenye bahasha, nikaenda.

Nilikuta chupa zimepangwa barazani kwa mjomba na watu wamekaa. Aliyezungumza ni yule mama jirani wa siku ya gunia. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, sisi hatukugombezi," alisema. "Sukari tuliiona inaingia. Leo tunaiona inatoka."

Wengine walicheka. Mzee mmoja akataka kujua kama huko chuoni wanafundisha pia kukamua maziwa bila ng'ombe. Nilifungua bahasha. Karatasi ya maabara ilizunguka mikononi mwao ikanirudia. Ilikuwa ya Kiingereza. Kisha wakamgeukia mjomba. Walitaka neno lake tu. Aseme kwamba alishuhudia asali ikikamuliwa na haikutiwa kitu, nao wangebeba chupa zao waende.

Mtu mwingine angelisema, kwa ajili ya mpwa wake. Mimi ningelisema.

"Mimi nilikuwa nje," alisema mjomba. "Sikuona."

Waliaga vizuri, wakaziacha chupa.

Nilirudi baada ya wiki chache. Mke wa mjomba, akichambua mchele bila kunitazama, alinieleza kwamba ndugu wawili pale jirani wamegombania mpaka, na safari hii wamemwita mtu wa kijiji kingine. Mjomba alikuwepo, akisikia. Alingoja amalize, ndipo akaniuliza jambo ambalo naamini alikuwa amelifikiria kwa siku nyingi.

"Ile sukari ya masika. Nyuki waliila yote kabla hujavuna?"

Kwenye mafunzo hakuna aliyeniuliza hivyo, wala maabara. Nilikuwa nimeacha kuwalisha nyuki mara mikorosho ilipoanza kutoa maua. Lakini sega haliandikwi kipi kimetoka kwenye maua na kipi kimetoka dukani. Maabara ilisema sukari imo ndani ya kiwango kinachokubalika, na kiwango, nikikumbuka vizuri, kinaacha nafasi kidogo ya sukari ya dukani.

"Nadhani waliila, mjomba."

"Unadhani," alisema.

Hakukasirika. Aliniomba tu niihamishe mizinga yangu kabla ya mikorosho kutoa maua tena, kama nitapata nafasi, na kama si usumbufu. Tangu utotoni alikuwa akinituma, akinifokea, akiniambia fanya hivi, acha lile. Siku hiyo aliniomba. Nikamjibu kwamba si usumbufu, nikatoka kwenda kutafuta gari.