Vigingi Thelathini na Vinne vya Mwakiro

Nakumbuka ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, siku ya Jumanne, nilipofunga kamba yangu kwenye kigingi cha kwanza. Saa naijua kwa sababu niliiandika kwenye daftari, na daftari lile ninalo hadi leo hapa Nyamugari. Mwanangu, kabla sijaendelea, hiyo simu ilaze kifudifudi mezani. Ramani yako nimekwisha kuiona. Nimeiona mara tatu.

Wewe na wenzako wa klabu ya mbio mlikuja kwangu Jumamosi, jasho bado liko shingoni, mkanionyesha mstari mwekundu wa mbio za wageni unaoanzia Mwakiro, unaopanda na kushuka vilima, unaopita kwenye miti ya kale ya mivumu, hadi Buhinyuza ambako mgeni atasimama apige picha ya mto Ruvubu. Mstari ni mzuri, sikatai. Nikakuuliza mmezungumza na nani katika milima hiyo. Ukanijibu, kwa hilo neno lenu la Kifaransa la kumwita mzee mjomba, "Tonton, hakuna shida, mi nimeshachora yote. Iko njia tu."

Neno hilo, njia tu, limenikera siku nne. Linanikera zaidi kwa kuwa ni langu. Nililisema kabla hujazaliwa, na nitakueleza lilinifikisha wapi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Amani ilikuwa imerudi, nasi tulikuwa tunarudi nyuma yake, lori baada ya lori, kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania. Nilivuka mpaka na godoro moja, masufuria mawili na kitabu cha jiometri kisicho na jalada. Kitabu hicho ndicho kilichonifundisha kupima, kwa kuwa mwalimu sikuwa naye. Baba yangu, Yohana, alifia kambini. Shamba lake la Mwakiro aliniachia kwa maneno tu: nyumba ilikuwa hapa, kahawa pale, chemchemi kule chini, na njia ya kwenda ukingoni mwa mlima ilipita hivi.

Nilipofika, shamba lilikuwa na mtu. Jina lake Sinzinkayo. Hakuliiba. Alilikuta tupu, akalilima miaka yote tuliyokuwa ng'ambo, na mtoto wake mmoja alimzika humo. Wazee wa mlima, bashingantahe, walitukalisha mara sita. Mara ya kwanza hakunitazama usoni. Mara ya sita alikubali tugawane nusu kwa nusu, chemchemi ikae upande wangu. Tukapanga kupanda minyaa ya mpaka siku ya Alhamisi, kisha tunywe mtungi wa pombe ya ndizi mbele ya mashahidi, mambo yaishe. Zilibaki siku mbili.

Katika siku hizo mwalimu mmoja wa pale, mpenda michezo, alikuwa na wazo la kuwakimbiza vijana pamoja, waliobaki na waliorudi, kilomita kumi. Alisikia najua kupima, akaniomba nifikirie njia inayofaa. Hakusema niipime kesho yake, wala hakusema niende peke yangu. Hayo niliyaongeza mwenyewe. Kijana aliyejifunza jambo bila mwalimu huwa na njaa ya kuonekana, na hakuna anayeweza kumwambia kitu.

Nilikuwa na kamba ya katani ya mita hamsini, yenye fundo kila baada ya mita moja. Nilikuwa na vigingi vya mkaratusi na kopo la chokaa la kupaka vichwa vyake. Kupima peke yako kwa kamba ni kazi: unafunga, unaivuta hadi mwisho, unaweka alama, unarudi kufungua, unakwenda tena. Kila mita hamsini nilizitembea mara tatu, na kila mita mia nilipiga kigingi kimoja. Nilianza alfajiri ili jua lisinikute mlimani.

Njia yenyewe, mwanangu, ilikuwa tamu. Ilipita kwenye kigabiro, ile mivumu mizee iliyobaki mahali palipokuwa boma la chifu zamani, mizizi yake minene kama migongo ya ng'ombe waliolala. Ikashuka hadi kwenye kibwawa ambacho watu wa pale hukiita ziwa, na si kosa, kwa kuwa wana hicho tu. Ikapanda upande wa pili kati ya mtama. Nilipopanda, ukungu ulikuwa umejaa bondeni na vilima vimejitokeza juu yake, kimoja nyuma ya kingine. Niliandika kwenye daftari: mandhari bora.

Nilipita mbele ya nyumba kumi na moja. Watu walikuwa wameamka, moshi wa majiko unatoka. Mama mmoja mwenye jembe begani alisimama akaniamkia, "Mwaramutse." Nilikuwa kwenye fundo la thelathini na saba. Nikainua mkono kumnyamazisha, ili nisipoteze hesabu.

Nirudie? Mtu mzima, nyumbani kwake, alinisalimia, nami nilimnyamazisha kwa kiganja kama mtu anayesimamisha mbuzi. Nikaona nimefanya kazi kwa makini.

Saa tatu na nusu nilifika kwa Sinzinkayo. Ile njia ya baba ya kwenda ukingoni ilikuwa imeoteshwa migomba. Ningeweza kuzunguka. Lakini jiometri inasema mstari mnyoofu ndio mfupi, na ukingoni kwenyewe ndiko bonde la Ruvubu linakofunguka lote kwa mara moja. Mkimbiaji angefika pale akasahau miguu yake. Nikaingia katikati ya migomba. Kigingi cha thelathini na moja nilikipiga hatua nne kutoka mlango wa jiko lao. Mkewe alitoka na mwiko mkononi, akaniuliza ninapima nini.

"Njia tu," nikamwambia. Nikaendelea kuhesabu.

Nilipiga vitatu vingine, hadi cha thelathini na nne, nikarudi kunywa uji. Nilipomaliza bakuli, mlima mzima ulikuwa umekwisha kusema. Mwana wa Yohana amekuja na kamba. Ameanzia kwenye boma la chifu kwa sababu ana karatasi za zamani. Anachukua hadi ziwani. Amekataa hata kusalimia, kwa hiyo ametumwa na wakubwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka, na pale hapakuwa na nyumba ambayo haikuwa imeumwa. Wengine walilima shamba la mtu aliyekuwa ng'ambo. Wengine walirudi wakakuta lao linalimwa. Wote waliona vichwa vyeupe vya vigingi vikipita uani kwao, na hakuna aliyewaambia kitu.

Kabla ya adhuhuri Sinzinkayo alikuwa ameving'oa vyote. Hakuvitupa, wala hakuja kupigana. Alivifunga kwa kamba yangu mwenyewe, akavibeba kichwani kama kuni, akavitua uani kwa Mzee Baransaka, mkubwa wa wale bashingantahe. Nilipoitwa niliwakuta wazee wamekwisha kukaa. Sinzinkayo alisema mara moja tu, tena kwa sauti ya chini. "Nusu nilimpa kwa moyo. Yeye alitaka yote kwa kamba. Alhamisi nisiitwe." Akaondoka.

Nikaanza kueleza. Nilikuwa na daftari, nikafungua ukurasa, nikamwonyesha Mzee Baransaka mita elfu tatu na mia tatu, mchoro, hadi lile neno mandhari. Nilisema ni mbio, ni vijana, ni amani. Niliongea sana, kama unavyoongea wewe na simu hiyo. Mzee alisubiri nimalize.

"Kila kamba iliyowahi kupita mlima huu," akasema, "iliondoka na shamba la mtu. Kati ya watu wote, wewe unayedai shamba ndiye uliyepaswa kuwa wa mwisho kushika kamba. Hukulijua hilo?"

Nikasema kitabu hakikulisema.

"Basi kitabu kiache hapa na vigingi vyako. Kaitembee njia yako tena, kwa mdomo."

Ilinichukua siku tano. Nilichopima kwa saa nne kilinichukua siku tano kukisalimia, na nakiri kwamba nusu ya muda huo nilikuwa nimekasirika. Nyumba ya kwanza peke yake ilikula asubuhi nzima. Ukiketi huulizwi ulichokuja nacho. Unaulizwa mama yako hajambo, kambini mlikula nini, ni kweli Tanzania mahindi huota bila mbolea. Unapewa mrija kwenye mtungi. Ukitazama saa, wanajua bado hujafika. Mwenda pole hajikwai, husema waliokwisha kufika. Mimi niliyekuwa njiani nilihesabu midomo ya mitungi.

Yule mama wa jembe alikuwa nyumba ya nne. Nilipomweleza mbio, alinisikiliza vizuri, kisha akauliza hao vijana watakuwa wanakimbilia wapi. Nikasema watazunguka na kurudi walipoanzia. Akafikiri kidogo.

"Si wangebaki pale pale?"

Watoto wake walicheka, nami nikacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Akaniruhusu. Akasema tu wasipite kwenye maharage, na wakipita wasalimie, hata kama wanahema.

Kwa Sinzinkayo nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza mkewe alisema hayupo, na kikohozi chake nilikisikia ndani. Mara ya pili alitoka akaenda shambani bila kuniona. Mara ya tatu nilikwenda mikono mitupu, nikakaa kwenye jiwe la uani hadi jua lilipofika kichwani. Mwishowe alikuja akasimama mbele yangu. Nikamwomba radhi kwa kigingi cha mlango wa jiko. Sikutaja mbio, sikutaja nusu.

Alisema wakimbiaji wapite chini, kwenye tope, wasiguse migomba yake. Kuhusu shamba, alisema maji yakimwagika hayazoleki. Atanipa theluthi, ile ya juu yenye mawe, na chemchemi itabaki kwake. Wazee walimsihi, wakachoka. Tulipanda minyaa baada ya mwezi, na mtungi tuliunywa, lakini aliunywa kama dawa.

Mbio zilifanyika. Vijana walipita topeni wakilalamika, na ukingo wenye mandhari bora hawakuuona. Sinzinkayo alisimama kwenye mpaka wake tangu wa kwanza hadi wa mwisho, mikono nyuma, akitazama miguu yao. Mimi nilichota maji ya chemchemi ile miaka kumi na sita, na kila ndoo niliiomba.

Sasa sikiliza, kwa maana nasema mara moja. Mstari wako usiuonyeshe mtu yeyote bado. Panda gari hadi Mwakiro, uvue hivyo viatu vya rangi, uende kwa miguu nyumba kwa nyumba hadi Buhinyuza. Usichore kitu mbele za watu. Usiinue simu juu, kwa kuwa kule mtu anayeinua kitu na kutazama shamba la mwenziwe anajulikana anatafuta nini. Anza kwa mkubwa wa mlima. Sema jina lako, la baba yako, na mahali ulipozaliwa, maana watauliza tu. Waeleze wageni watapita siku gani, saa ngapi, wangapi, na wataondoka na nini. Ukikataliwa kwenye ukingo mzuri, shukuru, pita topeni. Na kama uko kwenye hesabu akatokea mtu akakusalimia, iache hesabu ipotee. Mita utazipima upya.

Utasema wazee tunachelewesha mambo. Sawa. Nimesikia hivyo tangu Jumamosi.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie malango yote kumi na moja, na mengine nisiyoyajua. Akupe goti la kupanda na ulimi wa kuomba njia. Wageni wako wapite salama, warudi salama, na watakaobaki nyuma yao wabaki bila hofu. Mimi ile chemchemi niliyokuwa nimepewa bure niliinunua mwishowe kwa watoto wa Sinzinkayo, pamoja na kipande kidogo cha migomba kinachoizunguka, na hati iko ndani ya daftari lile lile: faranga milioni moja na laki nane na nusu.